Shahidi wa Saba

Mwalimu wetu wa Historia na Serikali alinipa alama tisa kwa ishirini. Chini ya insha aliandika kwa wino mwekundu kwamba swali liliuliza jinsi kamati ya Bunge inavyosimamia huduma za askari wa zamani, na mimi nimeandika habari za mzee mmoja. Alisema kweli. Nilijaribu kuandika habari za kamati, lakini kila sentensi niliyoianza iliishia kwake. Basi nimechukua daftari jingine, lisilosahihishwa na mtu, niandike yaliyobaki kabla sijachoka nayo kabisa.

Tulimwita Bwana Koplo. Ana kwa ana nilimwita babu, zile siku chache nilizopata sauti ya kumwita. Jina lake nalijua, ila hakuna aliyelitumia kichochoroni kwetu na sitakuwa wa kwanza. Kabla hatujahamia Buxton tulikaa Mji wa Kale, sisi juu, yeye chumba cha chini kilichofungukia daka, pale penye viti vya mawe ndani ya mlango mkubwa ambapo wageni hukaa kabla ya kukaribishwa. Tulimkuta hapo, nami sikuwa nimeanza shule. Alikozaliwa na watu wake ni nani sikuuliza. Kuuliza hunishinda. Ninayoyajua ni ya kusikia nikiwa ngazini na ya kuona nikipita na ndoo ya maji.

Kitu cha kwanza kumjua nacho kilikuwa kiatu. Mguu wake wa kushoto uliumia Bama, huko Asia, katika vita vya pili vya dunia, alikopelekwa na jeshi la Mwingereza, madaktari wakaukata, ukabaki mfupi na usio na vidole. Kwa hiyo kiatu cha kushoto kilikuwa cha kutengenezewa yeye: soli nene kama vipande viwili vya sabuni vilivyopandanishwa, na chuma kilichopanda kushika kifundo mpaka nusu ya muundi. Akikivaa alitembea kama mtu yeyote, ila kwa kishindo. Asipokivaa hakuvuka kizingiti bila kushika ukuta. Zamani ofisi inayohudumia askari waliostaafu ilimpa kipya kila baada ya miaka michache. Kisha ofisi ikahama, ikahama tena, na kile alichokuwa nacho alikuwa nacho tangu mimi niko darasa la pili.

Kilimpeleka msikitini, sokoni na kwenye kahawa, basi. Hakuwa na safari nyingine. Lakini mtu mwenye safari tatu, ukimwondolea kiatu humwachii hata moja.

Aliyekishona kikichakaa ni fundi mmoja wa bara, aliyekaa chini ya mwavuli kwenye njia ya Ngome ya Yesu. Siku moja mama alinituma huko na ndala zake nikamkuta Bwana Koplo hapo.

"Mzee, hii kiatu haina ngozi tena," fundi alikuwa akimwambia. "Ni viraka tu zimeshikana mikono."

"Ziache zishikane. Watu wameshindwa."

"Na hii chuma ikivunjika?"

"Wewe si fundi?"

"Mimi ni fundi ya barabara, mzee. Hii inataka watu wa hospitali, wale wanachora mguu kwanza, ndio wanaanza kukata."

Wakacheka wote wawili. Tuliporudi tulikuja njia moja, mimi nyuma yake kwa hatua kumi, na kila baada ya nyumba mbili tatu alisimama akajifanya anasoma kibao cha duka.

Alikuwa na msemo mmoja alioutumia kwa kila jambo. Mifereji ikikauka wiki nzima, umeme ukikatika, bwana harusi akichelewa, yeye husema, "Vita ni siku chache. Uaskari ni kungojea." Alisema bila uchungu, kama mtu anayesoma bei. Na kweli alijua kungojea. Angeweza kukaa daka kutoka adhuhuri mpaka alasiri mikono imelala mapajani, hasinzii, hasomi, hasemi. Lakini mtu huyohuyo, chakula kikiletwa, alikila mbio mbio kama anayeibiwa, halafu akaitazama sahani tupu kwa masikitiko. Mama alikuwa akimpelekea mbaazi na mahamri asubuhi za Jumamosi. "Polepole, Bwana Koplo," humwambia, "hakuna anayekufukuza." Naye hujibu, "Najua, mwanangu. Ni mkono haujui."

Habari za vita hakuzisimulia. Watu walikuja, mara mwalimu, mara mwanafunzi wa chuo na kinasa sauti, wakaondoka na kahawa tumboni tu. Aliyonisimulia mimi ni moja, na si ya mtu. Alisema kazi yake ilikuwa kumwongoza nyumbu, yule mzao wa punda na farasi, aliyebeba mitambo ya redio msituni, na nyumbu wao walikuwa wamekatwa sauti na daktari wa wanyama ili wasilie adui akasikia. Alisema nyumbu wake alikuwa akifungua mdomo, ubavu unatikisika, na hakuna kinachotoka. Kisha akanitazama mimi niliyesimama na ndoo yangu nisijue la kusema.

"Na wewe, binti, umekatwa na daktari gani?"

Nilicheka kwa aibu nikapanda juu, maji yakanimwagikia miguuni. Nilimkasirikia siku mbili.

Jambo alilolishika kuliko yote, hata kuliko saa, ni salamu. Hakuna aliyepita daka letu kwa "sabalkheri" moja. Ulimwamkia, akakuuliza hali, ukasema njema, akauliza wa nyumbani, ukasema wote salama, nawe ukamrudishia, akasema njema, hakuna ila heri. Hata kama kuna mgonjwa. Hata kama kuna maiti. Dada yake mama alipofariki, mjumbe alifika na macho mekundu, akakaa pale daka, akaulizwa na Bwana Koplo, "Habari za huko utokako?" Akajibu, "Njema." "Hawajambo wote?" "Hawajambo, Alhamdulillahi." Wakanyamaza. Kisha Bwana Koplo akasema, "Haya, lete maneno," na hapo ndipo yule mtu alipolia.

Kwetu ndivyo ilivyo na sikuwahi kuiona ajabu. Shida haitangulii mbele ya salamu. Salamu kwanza, zikamilike, halafu mwenye nyumba akupe nafasi, "haya, lete maneno", ndipo useme. Kusema kabla ya kupewa ni kumvamia mtu.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo mwalimu alilolikata kwa mstari mwekundu na kuandika pembeni, "halihusiani."

Kamati ilikuja muhula wa pili. Tangazo lilisomwa msikitini na kanisani: wabunge watakaa katika ukumbi mmoja huko Buxton kuwasikiliza askari wa zamani wa Pwani, na kila mmoja afike na makaratasi yake. Mwalimu akaona ni bahati, darasa zima la kidato cha tatu likaenda kwa miguu, tukapangwa nyuma kwenye mabenchi. Mbele kulikuwa na meza ndefu: mwenyekiti, wabunge wanne, na karani mwenye kengele ndogo ya mezani. Kando, peke yake, afisa wa idara iliyokabidhiwa kuwahudumia wazee hao, na faili lililofungwa kwa utepe.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa bara, mpole, sauti imekauka kwa safari. Alieleza vizuri kuliko kitabu chetu.

"Kamati haigawi viatu wala dawa," alisema. "Bunge lilipitisha mhudumiwe. Kazi yetu ni kuwauliza waliopewa kazi hiyo: imefanyika? Halafu tunawauliza nyinyi: mmeiona? Hawa wakisema ndiyo na nyinyi mkisema hapana, hapo ndipo tunapoanzia."

Afisa alifungua utepe. "Mheshimiwa, kwa orodha tuliyo nayo, hakuna mzee wa Pwani aliyeachwa."

"Tutasikia," alisema mwenyekiti.

Wazee walikuwa wengi na siku ilikuwa moja. Kila shahidi alipewa dakika tatu, kisha kengele. Wa kwanza mpaka wa sita sikuwasikia sana, kwa sababu nilikuwa nikimtazama Bwana Koplo mstari wa mbele. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na koti la kijivu, na makaratasi yake yamekunjwa ndani ya bahasha juu ya goti. Mama alikuwa amempigia msasa ule upande wa chuma usionekane una kutu.

"Shahidi wa saba."

Akainuka. Kishindo, hatua, kishindo, hatua, mpaka mbele ya meza.

"Asalaam aleikum, Bwana Mwenyekiti. Na waheshimiwa. Na wewe, bwana karani, na nyote mliohudhuria."

"Waleikum salaam, mzee. Hujambo?"

"Sijambo, Alhamdulillahi. Nyinyi hamjambo? Mwaonaje joto letu?"

Wabunge wakatabasamu. "Tunalivumilia," alisema mwenyekiti. "Hali yako, mzee?"

"Njema."

"Na nyumbani?"

"Wote salama, twamshukuru Mola. Na nyinyi huko mlikowaacha?"

"Wako salama. Na huduma za serikali, je?"

"Twashukuru. Hatuna neno."

"Hakuna neno kabisa?"

"Hakuna ila heri."

Kisha akanyamaza. Aliweka mkono mmoja juu ya mwingine, juu ya bahasha, akasimama wima kabisa. Mimi nilijua anangoja nini. Ukumbi mzima sisi wa Mji wa Kale tulijua, na nadhani hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba yule mwenyekiti hajui. Salamu zilikuwa zimekwisha, na zimekwisha vizuri. Lilibaki neno lake moja yeye mwenye kikao. Mwenyekiti naye alimtazama, akangoja kwa adabu. Karani alikuwa akiandika. Afisa wa idara aliacha kuandika.

Kengele ikalia.

"Asante sana, mzee. Umetutia moyo. Shahidi wa nane."

Bwana Koplo akasita kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Kisha akainamisha kichwa akarudi kitini. Bahasha hakuifungua.

Shahidi wa nane alikuwa mzee wa bara aliyestaafu reli baada ya jeshi. Hata kusalimu hakusalimu. "Mimi sina dawa ya presha tangu mwaka jana," alianza kabla hajasimama sawasawa, "na nikienda wananiambia jina langu haliko." Meza yote ikaamka. Mbunge mmoja aliyekuwa amesinzia akamuuliza afisa jina la mzee huyu liko ukurasa gani, afisa akapekua, akapekua tena, na mwenyekiti akamwagiza alete maelezo kwa maandishi. Nilimwona shahidi wa nane kuwa hana adabu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona.

Mwishoni mwenyekiti alisema wanafunzi wanaweza kuuliza swali moja. Mwalimu akatutazama. Mimi swali nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi: mbona hamkumpa yule babu nafasi aseme? Mkono sikuuinua. Mwenzangu wa mstari wa pili akainua mkono akauliza wabunge wamefikia hoteli gani. Watu wakacheka, kikao kikafungwa.

Jioni ile mama alimkuta daka.

"Haya, Bwana Koplo, wamesema nini kuhusu kiatu?"

"Watu wa heshima wale," alisema. "Wamenisalimu vizuri sana. Wataniita."

"Wakuite tena? Lini?"

"Siku ya maneno."

Mama akaweka sahani chini. "Kwani leo ilikuwa siku ya nini?"

Akaivuta sahani akaanza kula. Nilisikia yote nikiwa ngazini, na nilikuwa na jibu, na sikushuka.

Akangoja. Mwezi, na wa pili. Mwezi wa tatu chuma kikakatika, kama fundi alivyohofia. Fundi alikifunga kwa waya, waya ukakata soksi, ukakata na nyama. Bwana Koplo akaacha kwenda sokoni. Kisha akaacha kahawa. Ijumaa mbili alikwenda msikitini akishikilia kuta, ya tatu akasalia chumbani. Tukawa tunamletea kila kitu, naye akitushukuru kwa salamu ndefu zile zile: hali njema, hakuna ila heri. Nilianza kuchoka kuzisikia. Nilipita haraka.

Ripoti ilifika shuleni mwisho wa muhula wa tatu. Mwalimu aliomba nakala, akaipitisha darasani tuone inavyoandikwa. Ilikuwa ya Kiingereza. Shahidi wa nane alikuwa na aya nzima na nusu. Juu yake kulikuwa na mistari mitatu: shahidi wa saba, askari wa zamani, alisema kwamba hali yake ni njema, kwamba nyumbani kwake wote wako salama, na kwamba hana malalamiko juu ya huduma anazopewa. Kamati ilimshukuru. Ukurasa wa mwisho ulisema palipo na ushahidi wa mtu kama huyo, kamati imeridhika kuwa huduma zinawafikia wengi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba shahidi anayetaka kuongeza neno amwandikie karani kabla ya mwezi kwisha.

Nilinakili ukurasa ule. Nilikaa nao siku nne.

Nitasema mapema yaliyotokea baadaye, nisije nikamalizia nayo. Tulipeleka barua. Karani alijibu kwa mistari miwili kuwa imepokelewa na itawekwa mbele ya kamati kikao kijacho. Kikao kijacho ni lini hakusema. Sisi tukahamia Buxton, karibu na ukumbi ule ule, na nikipita hapo naona umekodishwa kwa harusi.

Siku ninayotaka kuiandika ni ile niliyoshuka. Ilikuwa baada ya alasiri. Mama alikuwa daka akichambua mchele, na mlango wa Bwana Koplo ulikuwa wazi, yeye kitandani, mguu ndani ya soksi umenyooshwa juu ya mto. Nikamwamkia. Tukazimaliza salamu zote, zangu na zake. Kisha nikamsomea ile karatasi kwa Kiswahili, polepole.

Akaiomba karatasi, akaitazama ile mistari mitatu.

"Wameandika kweli," alisema mwisho. "Ndivyo nilivyosema."

"Lakini babu, ile ilikuwa salamu."

"Ndiyo. Nami sitamwandikia mtu kwamba salamu yangu ilikuwa uongo. Aliniuliza hali mbele za watu nikamwambia njema. Leo niende nimwambie haikuwa njema?"

"Si kuirudisha," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, mama akaacha kuchambua. "Salamu zilikwisha. Yeye ndiye hakujua zamu yake. Wao hawana desturi hiyo, babu. Walidhani umemaliza."

"Kwani mtu mzima haoni nimesimama?"

"Hakuona."

Akaugeuza uso ukutani. Nilidhani amenifukuza. Nilikuwa nimeshika daftari na kalamu, nikasema neno ambalo si la mtoto kumwambia mtu mzima, tena nyumbani kwake.

"Haya, babu. Lete maneno."

Mama alivuta pumzi. Bwana Koplo akanigeukia, akanitazama kama ananipima. Kisha akaanza. Hakusema habari za Bama hata neno. Alisema miaka, ofisi zilizohama, afisa mmoja aliyemwambia aje kesho na kesho yake hakuwapo, waya, msikiti, jinsi anavyoamka akahesabu kama safari ya choo inaweza kungoja mpaka mchana. Alisema kwa sauti ile ile ya kusoma bei, na mimi niliandika kurasa tano, na mkono ukaniuma.

Alipomaliza mama akasema kutoka daka, bila kuingia, "Na kipimo je? Wataanzaje kukata bila kuujua mguu?"

Hakuna kati yetu aliyekuwa ameuona mguu ule. Hata udhu alitia chumbani, mlango umefungwa, akatoka tayari amevaa, na wako waliosema ni kiburi. Mama akasimama na sinia lake, akageuka akatazama kichochoroni.

Bwana Koplo akaanza kuvua soksi. Ilimchukua muda, kwa sababu ya damu iliyokauka. Nikatandaza karatasi sakafuni, akauweka juu yake, nikapiga magoti.

"Penseli iwe wima," alisema. "Ukiilaza itaingia chini, utachora mdogo."

Nikaizungusha kuanzia kisigino. Upande wa mbele, panapotakiwa penseli ipande na kushuka mara tano, ilipita moja kwa moja. Akauinua mguu, nikampa karatasi. Akaishika mbali na macho, kisha karibu, akaigeuza ielekee mlangoni kwenye mwanga.

"Ndio huu?"

"Ndio, babu."

Aliendelea kuutazama.

"Miaka yote hii," alisema, "nilidhani wameniachia mkubwa zaidi."